Finishi ya vipuri: maswali kuhusu kupima mparuzo wa uso na kubadili Ra, Rz, N na mikroinchi

Maswali haya nimeyaokota kwenye meza ya ukaguzi ya karakana yetu Dar es Salaam, tunakochonga shafti, bushi na vipuri vya pampu. Waulizaji hubadilika: leo kijana wa VETA aliye kwenye mafunzo ya vitendo, kesho mteja mwenye mchoro uliotolewa kopi mpaka mistari imefifia. Maswali ni yaleyale, na nimeyaacha katika mpangilio yanavyokuja. Finishi ni neno la karakana. Mparuzo ni ile hali ya uso kutokuwa laini, yaani kitu chenyewe kinachopimwa.

Ra ni nini?

Uso wa chuma, hata ukiwa unang'aa, ukiukuza utaona vilima na mabonde. Kisu cha kukerezea huacha mifereji, jiwe la kusagia huacha mikwaruzo isiyo na mpangilio. Sindano ya kifaa hupita juu ya hayo yote ikipanda na kushuka, kisha kifaa huchora mstari wa wastani katikati na kupima kila nukta iko mbali kiasi gani na mstari huo, iwe juu au chini. Wastani wa umbali huo ndio Ra.

Hupimwa kwa mikromita, sehemu moja ya elfu ya milimita. Mimi nitasema mikroni kama wasemavyo mafundi, maana maikromita kwetu ni kile chombo cha kupimia kipenyo. Ukitaka picha ya haraka: unywele una unene wa mikroni 70 hivi, na shafti iliyokerezwa vizuri ina Ra ya 1.6.

Kasoro ya Ra ni kasoro ya kila wastani. Chukua uso ambao juu ni tambarare na chini una mabonde makali. Ugeuze kichwa chini, mabonde yawe vilima. Ra haitabadilika hata kidogo. Uso wa kwanza hutunza mafuta, wa pili hukwangua sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje kandokando ya shafti). Kifaa kitakuonyesha namba moja kwa vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa.

Rz je?

Rz inaangalia urefu kutoka kilima kirefu zaidi hadi bonde lenye kina zaidi. Kifaa hugawa njia ya sindano katika vipande vitano, hutafuta urefu huo katika kila kipande, kisha huchukua wastani wa vitano. Kwa hiyo mkwaruzo mmoja mkali unaonekana haraka kwenye Rz kuliko kwenye Ra.

Angalia umri wa mchoro. Kabla ya kiwango cha kimataifa ISO 4287 cha mwaka 1997, Rz ya ISO na ya Wajapani ilikuwa na maana nyingine: wastani wa vilima vitano virefu na mabonde matano yenye kina. Wajapani walipobadilisha, ile ya zamani waliipa jina RzJIS, na vifaa vyao bado vinaionyesha kwenye orodha. Ukikuta mchoro wa mashine ya Japani ya miaka ya 1980, usibonyeze Rz ya kawaida ukadhani umemaliza.

Nina Ra, mteja anataka Rz. Nizidishe mara ngapi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu langu huwaudhi watu: hakuna namba ya kuzidisha. Kubadili mikroni kuwa mikroinchi ni kama kubadili kilo kuwa paundi, kitu ni kilekile. Kubadili Ra kuwa Rz ni kama kuambiwa wastani wa urefu wa wanafunzi wa darasa, kisha uulizwe tofauti kati ya mrefu kabisa na mfupi kabisa. Unaweza kukisia. Huwezi kujua.

Makisio yenyewe yana msingi, ila yanategemea uso ulitengenezwaje. Uso uliokerezwa kwa kisu chenye ncha ya duara una mifereji inayofanana, na hapo Rz huwa karibu mara 4 ya Ra. Uso uliosagwa kwa jiwe una mikwaruzo ya kila namna, na Rz inaweza kufika mara 6, 7, hata 8 au zaidi. Sasa chukua vipande viwili vyenye Ra 0.8, kimoja kimekerezwa, kingine kimesagwa. Cha kwanza Rz yake inaweza kuwa 3.2, cha pili 6. Ukitumia jedwali lililobandikwa ukutani, kimoja kati ya hivyo umekisingizia.

Ikibidi ukisie, kisia upande wa usalama. Mchoro unataka Rz isizidi 6.3 na wewe una vipande vya kulinganishia (vya mfano, vilivyoandikwa kipimo chake) vya Ra tu? Gawanya kwa 8, lenga Ra 0.8. Mchoro unataka Ra 1.6 na ripoti uliyoletewa ina Rz tu? Zidisha kwa 4: kama Rz haizidi 6.3, kwa nyuso za kawaida za kukereza na kusaga uko salama. Kila safari unachagua namba inayokubana wewe, na kwenye ripoti unaandika kuwa umekisia.

Kuna ukaguzi mmoja wa haraka ninaoupenda. Rz haiwezi kuwa chini ya mara mbili ya Ra kwenye uso uleule na mpangilio uleule wa kifaa. Hesabu yenyewe inakataa. Ukiletewa cheti kinachosema Ra 1.2 na Rz 1.9, aliyekiandika hakupima. Nimeshavirudisha vya namna hiyo.

Mchoro umeandika "63" tu. Ni mikroni 63?

Hapana, na swali hili limetugharimu. Zamani kidogo kijana wetu alipokea mchoro wa inchi wenye alama ya finishi na 63 juu yake. Akaona 63 ni namba kubwa, maana yake kazi ya kawaida tu, akakereza kwa hatua kubwa ya kisu, yaani umbali ambao kisu husogea kwa kila mzunguko. Mchoro ulikuwa unataka mikroinchi 63, yaani mikroni 1.6. Shafti nne tulizirudia kwa gharama yetu, na chuma chake hakikuwa cha bei ya mtumba.

Mikroni 1 ni mikroinchi 39.37. Kwa matumizi ya kila siku, namba zinazokutana ni hizi, pamoja na madaraja ya N, yaani ngazi za finishi zinazoandikwa kwenye michoro:

| Daraja | Ra, mikroni | Ra, mikroinchi |
|---|---|---|
| N4 | 0.2 | 8 |
| N5 | 0.4 | 16 |
| N6 | 0.8 | 32 |
| N7 | 1.6 | 63 |
| N8 | 3.2 | 125 |
| N9 | 6.3 | 250 |
| N10 | 12.5 | 500 |

Mikroni 0.8 kwa hesabu kamili ni mikroinchi 31.5, ikazungushwa kuwa 32. Tofauti hiyo haina madhara.

Ukiona 16, 32, 63, 125 au 250 kwenye mchoro wenye vipimo vya inchi, ni mikroinchi. Mtego uko kwenye 25 na 50, kwa sababu zinaishi kwenye mifumo yote miwili: Ra 50 ya mikroni ni N12, uso wa hovyo kabisa, na mikroinchi 50 ni kazi safi ya Ra 1.25 hivi. Hapo uliza. Mtego wa pili ni nukta. Kopi ya kopi hula nukta, 6.3 ikasomeka 63. Ya kwanza ni mikroni 6.3, ya pili ukiisoma kama mikroinchi ni mikroni 1.6. Mteja atalipia usagaji ambao hakuuhitaji, au utamnyima alioutaka.

Pembetatu kwenye michoro ya zamani zinasemaje?

Inategemea zimetoka wapi. Michoro ya zamani ya Japani ilihesabu pembetatu: moja ▽ ni Ra 25, mbili ▽▽ ni 6.3, tatu ▽▽▽ ni 1.6, nne ▽▽▽▽ ni 0.2. Wakati mwingine pembeni kuna namba yenye herufi S, kwa mfano 6.3S. Hiyo ni urefu wa juu kabisa kutoka bondeni hadi kileleni, si Ra, 6.3S ililinganishwa na Ra 1.6. Unaona ile mara 4 imejificha humo.

Wachina wa enzi zile za ujenzi wa TAZARA, 1970 hadi 1975, walitumia mfumo uliofanana na wa Wasovieti: pembetatu moja na namba, kuanzia ▽1 hadi ▽14, na namba ikipanda uso unazidi kuwa laini. ▽7 ni Ra kati ya 0.63 na 1.25 hivi. Fundi aliyezoea N anaweza kuchanganyikiwa, kwa kuwa N inakwenda kinyume: N7 ikipanda kuwa N8, uso unazidi kuwa mbaya.

"63 RMS" ni sawa na Ra 63?

Karibu, si sawasawa. RMS, ambayo leo huandikwa Rq, huvipa uzito zaidi vilima virefu na mabonde yenye kina. Kwa wimbi safi la kubuni, Rq ni mara 1.11 ya Ra, na namba hiyo ndiyo iliyoenea. Uso halisi wa jiwe la kusagia unakaribia mara 1.25. Mimi mchoro wa Marekani ukisema 63 RMS nalenga Ra ya mikroinchi 50, ambayo inakidhi hata kwa hesabu ya 1.25, nalala usingizi.

Kwenye kioo cha kifaa kuna λc 0.25, 0.8 na 2.5. Nichague ipi?

Uso umebeba vitu vitatu vilivyopandana: umbo, kwa mfano shafti iliyopinda, mawimbi, kwa mfano mashine iliyotikisika, halafu mparuzo wenyewe. λc, namba ya milimita unayochagua kwenye kifaa, ni chekeche. Kilicho kirefu kuliko tundu la chekeche kinabaki juu na kutupwa kama wimbi, kilicho kifupi kinapita na kuhesabiwa. Ukibadilisha chekeche, unga unabadilika, hata kama mahindi ni yaleyale. Ndiyo maana Ra isiyotajwa λc yake ni nusu ya habari.

Kwa nyuso zisizo na mpangilio, kama za kusaga kwa jiwe, ISO 4288 ilielekeza hivi: Ra kati ya 0.1 na 2, tumia 0.8 na upime milimita 4. Kati ya 0.02 na 0.1, tumia 0.25 na upime milimita 1.25, kati ya 2 na 10, tumia 2.5 na upime milimita 12.5.

Kwa uso uliokerezwa usiangalie Ra, angalia nafasi kati ya mfereji na mfereji, ambayo kwa kawaida ni hatua ya kisu kwa kila mzunguko. Nafasi ya milimita 0.13 hadi 0.4, weka 0.8. Zaidi ya 0.4 hadi 1.3, weka 2.5. Ukipima kazi yenye hatua ya milimita 0.5 kwa chekeche la 0.8, sehemu ya mifereji yenyewe itatupwa, na Ra itasomeka nzuri kuliko ukweli. Sisemi watu hufanya hivyo kwa makusudi.

Desemba 2021 zilitoka ISO 21920, sehemu tatu, zikachukua nafasi ya 4287 na 4288. Badiliko kubwa kwa mpimaji: mpangilio wa kifaa sasa unatokana na namba iliyoandikwa kwenye mchoro, huhitaji tena kukisia, kupima, kurekebisha, kupima tena. Ila michoro ya zamani haikufa siku ile. Mchoro wa 2010 unasomwa kwa sheria za 2010.

Kifaa chetu kinasema 0.9, cha mteja kinasema 1.2. Nani mwongo?

Pengine hakuna. Kwanza linganisheni λc. Kisha ncha ya sindano: ya nusu kipenyo cha mikroni 2 huingia kwenye bonde jembamba, ya mikroni 5 hukwama juu na kusoma chini. Kifaa cha mkononi kama Mitutoyo SJ-210 huuzwa na ama hii ama ile, kwa hiyo hata vifaa viwili vyenye jina moja vinaweza kutofautiana. Tazama pia kama kimoja kina kile kiatu kidogo kinachotambaa juu ya uso pembeni ya sindano. Kiatu hufuata mawimbi na kuyameza, kifaa kisicho na kiatu huyaona.

Baada ya hapo, swali la kijinga lenye majibu mengi kuliko yote: mlipima sehemu ileile? Mparuzo wa shafti moja hubadilika kutoka ncha hii hadi ile kadiri kisu kinavyochakaa.

Sindano ipite upande gani?

Kukata mifereji, kama mtu anayevuka matuta ya shamba. Ukipita ndani ya tuta kwa urefu wake utasema shamba ni tambarare. Kwenye shafti iliyokerezwa, sindano inakwenda kwa urefu wa shafti. Kwenye uso wa milingi, ambako kisu ndicho kinachozunguka, alama ni za mviringo, pima sehemu tatu tofauti na uchukue iliyo mbaya.

Futa mafuta kwa spiriti kwanza. Na zima kompresa iliyo jirani; sindano husukuma kwa nguvu ndogo mno, chini ya milinyutoni 1 kwa zile za ncha ya mikroni 2, kwa hiyo mtikisiko wa sakafu unaingia kwenye namba yako bila hodi.

Sina kifaa. Ukucha unatosha?

Unatosha kuliko watu wanavyodhani, ukiwa na kitu cha kulinganishia. Kuna seti za vipande vya kulinganishia, vilivyoandikwa Ra na aina ya kazi: kukereza, milingi, kusaga. Weka kipande kando ya kazi, pitisha ukucha kwa kukata mifereji kwenye vyote viwili, kisha tazama chini ya mwanga wa pembeni. Mtu aliyezoea hutofautisha 1.6 na 3.2 bila shida. Sharti ni moja: linganisha kukereza na kukereza, kusaga na kusaga. Uso wa jiwe wenye Ra 0.8 unang'aa tofauti na wa kisu wenye Ra hiyohiyo, na jicho litakudanganya kabla ya ukucha.

Chini ya 0.4 usiamini ukucha wa mtu yeyote, hata wangu.

Venia au saa ya kupimia haiwezi kusaidia? Kamera ya simu?

Haziwezi. Ncha ya saa ni pana, inaelea juu ya vilima. Kamera inakupa picha nzuri ya kumtumia mteja.

Nikereze vipi nipate Ra 1.6 bila kupeleka kwenye jiwe?

Swali zuri, na hesabu yake ni rahisi. Kisu chenye ncha ya duara kikisogea, huacha mifereji ambayo kimo chake ni hatua ya kisu mara yenyewe, ugawanye kwa nane mara nusu kipenyo cha ncha. Kwa Ra, badala ya nane weka 32. Vyote viwe milimita.

Mfano: hatua ya milimita 0.2 kwa mzunguko, ncha ya 0.4. Zero nukta mbili mara yenyewe ni 0.04, 32 mara 0.4 ni 12.8. Jibu ni milimita 0.0031, yaani Ra 3.1. Badilisha tipu ya kabaidi uweke ya ncha 0.8, hatua ileile: Ra 1.6. Au baki na ncha ya 0.4 upunguze hatua hadi 0.14: Ra 1.5 hivi, ila kazi itachukua muda zaidi. Kupunguza hatua kwa nusu hushusha Ra hadi robo. Kama mashine yako ni ya zamani ya Kiingereza na meza ya hatua ni ya inchi, inchi 0.008 kwa mzunguko ndiyo milimita 0.2.

Hiyo ni namba ya karatasini, chini kabisa inakowezekana kufika. Chuma laini kikikerezwa kwa mwendo mdogo hung'ang'ania kwenye ncha ya kisu, kinajenga kichuguu, kichuguu kinakatika na kuacha uso uliochanika. Dawa yake ni kuongeza kasi ya mzunguko, ambacho vijana wengi hufanya kinyume. Kisu kilichotokeza sana kutoka kwenye kishikio kitapiga kelele na kelele hiyo utaiona kwenye uso. Ncha kubwa nayo ina gharama: inasukuma kazi zaidi, na shafti nyembamba inaanza kutetemeka. Wala usipunguze hatua bila kikomo. Ikifika ndogo mno, kisu kinaacha kukata, kinasugua, na Ra inaanza kupanda.

Nimeisugua shafti kwa msasa mpaka Ra 0.3, bado sili inavuja. Kwa nini?

Kwa sababu umetengeneza skrubu. Msasa ukishikwa kwa mkono huku shafti inazunguka, na mkono unatembea kushoto na kulia, mikwaruzo yake inakaa kwa mzingo kama uzi wa bolti. Shafti ikizunguka, mzingo huo unasukuma mafuta yatoke nje chini ya mdomo wa sili. Ra haioni jambo hilo hata kidogo. Yenyewe inajua kimo tu, haijui mwelekeo.

Kipimo chake hakihitaji umeme wa kifaa. Laza shafti sawasawa kwenye mashine, ipake mafuta kidogo, tundika uzi wenye kizito cha gramu 30 hivi ukiwa umezunguka zaidi kidogo ya nusu ya shafti, zungusha kwa mizunguko 60 kwa dakika. Tazama uzi. Ukitembea upande mmoja, na ukigeuza mzunguko unarudi upande wa pili, kuna mzingo. Ukitembea upande uleule kwa mizunguko yote miwili, shafti haijalala sawa au ina unene usio sawa.

Sehemu ya sili isagwe kwa jiwe linaloingia moja kwa moja bila kutembea pembeni. Ra iwe kati ya 0.2 na 0.8. Ndiyo, kuna kikomo cha chini pia: shafti ikiwa kioo, mafuta hayapati pa kushika, mdomo wa sili unakauka na kuungua.

Silinda ya injini tunaipima kwa Ra?

Unaweza, ila hutajua unachotaka kujua. Baada ya ribori (kupanua tundu lililolika) silinda huhoniwa (si honi ya daladala, ni mawe yanayozunguka huku yakipanda na kushuka) ili ibaki na mikwaruzo inayokatana, ya kutunza mafuta, kisha vilele hukatwa ili ringi zipande juu ya tambarare. Huo ndio ule uso wa tambarare juu na mabonde chini niliotaja mwanzoni. Unapimwa kwa familia ya Rk: Rpk ni vilele vitakavyolika siku za mwanzo, Rk ni kiini kitakachobeba mzigo, Rvk ni mabonde ya mafuta. Mzizi wake ni mchoro wa Abbott na Firestone wa mwaka 1933, unaoonyesha ni asilimia ngapi ya uso ingegusa kama ungekatwa kwa kina fulani.

Kwa silinda hedi, soma maelezo ya gasketi kabla ya kuisaga. Gasketi za tabaka za chuma zinahitaji uso laini kuliko zile za zamani za mchanganyiko, kwa hiyo finishi iliyofaa injini ya baba inaweza kuvujisha injini ya mtoto.

Flanji ya bomba nimeikereza laini kabisa, mkaguzi kaikataa. Alikuwa na haki?

Alikuwa nayo. ASME B16.5, kiwango cha Marekani cha flanji, inataka uso wa gasketi wa flanji ya kawaida uwe na mifereji, Ra 3.2 hadi 6.3. Mifereji ndiyo inayoishika gasketi isiteleze. Laini kupita kiasi ni kosa kama vile mbaya kupita kiasi.

Nimeambiwa kabla ya kupaka rangi chuma kipigwe mchanga mpaka mikroni 50 hadi 75. Ni Ra?

Si Ra. Kwenye kazi ya rangi namba hizo ni kimo kutoka bondeni hadi kileleni. Hupimwa kwa utepe wa kunakili unaobonyezwa kwenye uso kisha kupimwa unene, au kwa vipande vya kulinganishia vya ISO 8503. Ukitafuta Ra 50 utatoboa bati.

Tangi la maziwa la stenlesi linahitaji nini?

Miongozo ya usafi ya EHEDG ya Ulaya inasema Ra isizidi 0.8 pale maziwa yanapogusa. Pima na kwenye weldi, maana bati hutoka kiwandani likiwa zuri na weldi ndiyo inayofuga vijidudu.

Usomaji mmoja umezidi kikomo. Kazi imeharibika?

Kwa michoro inayofuata ISO 4288 ya 1996, la, mpaka uone zaidi: hadi asilimia 16 ya vipimo viliruhusiwa kuzidi, isipokuwa mchoro umeandika max. Utaratibu wa mezani ulikuwa hivi: kipimo cha kwanza kikiwa hakizidi asilimia 70 ya kikomo, pitisha. Kama sivyo, vitatu vya kwanza visizidi. Au kati ya sita kisizidi zaidi ya kimoja. Au kati ya kumi na viwili visizidi zaidi ya viwili. Kwa ISO 21920 mambo yamegeuka: kama mchoro hausemi vinginevyo, hakuna kinachoruhusiwa kuzidi. Mchoro mmoja, namba moja, hukumu mbili.

Nitajuaje kifaa chenyewe kinasema kweli?

Kila kifaa huja na kipande cha marejeo chenye Ra iliyoandikwa, vingi ni karibu na 3. Kipime asubuhi kabla ya kazi, andika kwenye daftari. Usipime mstari uleule kila siku, sindano huuchimba. Na kipande cha Ra 3 hakikuhakikishii chochote kuhusu sindano iliyovunjika ncha: mifereji yake ni mipana, hata ncha butu hufika chini. Kwa hilo nunua kipande cha pili chenye Ra ndogo. Kikianza kusoma chini wakati cha 3 kiko sawa, badilisha sindano.

Kwa ugezi wenye cheti, yaani kuhakikiwa kifaa, nenda kwenye shirika la viwango: Tanzania TBS, Kenya KEBS. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea vipande vya mparuzo, kabla hujalipa nauli.

Nikiagiza kazi, niandike nini ili tusigombane?

Jina la kipimo, namba, mikroni au mikroinchi, λc, na jinsi uso utakavyotengenezwa kama ina maana kwako. Oda nzuri niliyowahi kupokea ilikuwa mstari mmoja kwenye ujumbe wa simu: "Sehemu ya sili, Ra 0.2 hadi 0.6 mikroni, λc 0.8, isagwe kwa jiwe bila kutembea pembeni, kwingine Ra 3.2 yatosha." Hatukupigiana simu hata mara moja mpaka siku aliyokuja kuichukua.